Hata Malaika Wasingejua Gharama ya Gunia la Sumbawanga

Muulize Mtanzania wa rika lolote Ujamaa ulikwama wapi, jibu analo mkononi: sera ilikuwa nzuri, watekelezaji ndio walioiharibu. Mwalimu Nyerere alisema hivi, wakuu wa mikoa wakafanya vile. Wakulima walitegea, mameneja waliiba, ukame ukaja, mafuta yakapanda, Idi Amin akavamia Kagera. Kila kipande cha jibu hilo kina ukweli wake, ndiyo maana limedumu. Lakini limetuzuia kusoma kwa makini hoja za kale dhidi ya ujamaa, zile zilizoandikwa kabla hata ya Azimio la Arusha kufikiriwa, na ambazo hazihitaji mtu yeyote awe mwizi au mvivu ili zisimame. Ukizisoma na historia yetu ikiwa mezani, utaona kwamba utekelezaji tunaoulaumu ulikuwa umeshaandikwa ndani ya sera yenyewe.

Tuanze na hoja nyepesi, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana vijiweni. Aristotle alisema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mali ya wengi ndiyo inayotunzwa kidogo kuliko zote. Kila aliyewahi kuona trekta la kijiji likiozea chini ya mwembe anaielewa bila kufafanuliwa. Shida ni kwamba hoja hii huishia haraka kwenye matusi, kwamba Mwafrika mvivu, kwamba mkulima anataka vya bure. Mkulima aliyefika shamba la ujamaa saa nne na kuondoka saa sita ndiye huyo huyo aliyekuwa shambani kwake kabla jua halijachomoza. Na ushirika hakufundishwa na serikali. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, kikazaa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Usukumani, chini ya Paul Bomani, vyama vya pamba viliungana mwaka 1955 kuwa shirikisho lililokuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Watu hawa walijua kushirikiana, wakajenga ofisi, wakaajiri wahasibu. Mwaka 1976 serikali ya kijamaa ilivifuta vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi mazao kwa mamlaka za serikali. Anayetaka kueleza kwa nini mkulima alitegea aanzie hapo, aachane na tabia za watu.

Mwalimu mwenyewe aliliona tatizo kuwa la tabia, hasa ya viongozi. Masharti ya uongozi ya Azimio yalikuwa makali: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Ukiwapata viongozi safi, mengine yatakwenda. Ni fikra ya mwalimu wa maadili, na kwa upande wake aliishi alivyohubiri, jambo ambalo wakosoaji wake wengi hawawezi kulisema juu ya nafsi zao.

Sasa msikilize mchumi wa Austria, Ludwig von Mises, akiandika Vienna mwaka 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha karibuni, Lenin ameshika Moscow, na kule Bavaria mwanafalsafa Otto Neurath alikuwa amependekeza uchumi usiohitaji fedha, kila kitu kihesabiwe kwa tani na vipande kama jeshi lilivyofanya vitani. Mises hakubishana kuhusu tabia za watu. Alikubali, kwa ajili ya hoja, kwamba viongozi wote ni malaika na wananchi wote wachapakazi. Kisha akauliza swali la mhasibu: malaika hao watajuaje kama chuma walicho nacho kiende kwenye reli, kwenye majembe au kwenye mabomba ya maji? Vyote vinahitajika. Mwenye mali binafsi hulinganisha kwa bei, na bei hiyo imetokana na watu wengine wanaokitaka chuma kile kile na walio tayari kukilipia. Serikali ikimiliki chuma, reli, kiwanda cha majembe na mabomba, hakuna anayemuuzia mwenzake, kwa hiyo hakuna bei yenye maana, kwa hiyo hakuna hesabu. Mpangaji atajua anachokitaka. Hatajua alichokipoteza kwa kukitaka.

Jibu la kijamaa lililo makini zaidi lilitoka kwa Oskar Lange, mchumi wa Poland, mwaka 1936. Bodi ya mipango, alisema, itapanga bei na kuzirekebisha: bidhaa ikiadimika ipandishe, ikizidi ishushe. Alitania hata kwamba ukumbi wa bodi hiyo uwekwe sanamu ya Mises, aliyewalazimisha wajamaa kulifikiria jambo hili. Kwenye karatasi linapendeza. Tanzania tuliipata bodi yetu mwaka 1973, Tume ya Bei, ikapewa bidhaa nyingi ajabu kuziwekea bei. Nusu ya kwanza ya kanuni ya Lange ndiyo iliyokuwa ngumu. Sukari ikiadimika, ni waziri gani atasimama bungeni aseme dawa ni kuipandisha bei?

Mfano mzuri kuliko wote ni mahindi, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu hadithi yake haisimuliwi inavyostahili.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamua kwamba mahindi yatanunuliwa kwa bei moja nchi nzima, na mnunuzi halali ni mmoja, Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo kila mtu alilijua kwa herufi tatu, NMC. Nia ilikuwa ya haki. Mkoloni alipeleka reli na barabara kulikokuwa na mazao yake, akaiacha mikoa ya pembezoni kuwa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge. Kwa nini mkulima wa Sumbawanga, kule Rukwa, aadhibiwe kwa kuzaliwa mbali?

Bei hiyo ilipofika Sumbawanga ilileta ujumbe mwingine kabisa: kwamba kulibeba gunia hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, hakugharimu kitu. Wakulima wakaitikia kama mtu yeyote mwenye akili angeitikia. Kwa mbegu bora na mbolea ya ruzuku, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa, na hadi leo tunaziita hivyo kana kwamba ni maumbile tu yaliyoamua. Wakati huo huo mkulima wa Morogoro au Arusha, aliye jirani na miji na barabara kuu, aliiona bei hiyo hiyo kuwa ya kumpunja, maana mlangoni kwake alikuja mtu usiku na kumpa zaidi. NMC ikapata mahindi tele kule ambako kuyabeba ni ghali kupita kiasi, ikayakosa kule ambako yangefika mjini kwa siku moja.

Lori la kwenda Rukwa linakula tairi, dizeli na vipuri, vyote vya fedha za kigeni. Kila safari yake ni safari ambayo halikubeba pamba, kahawa au dawa za hospitali. Je, safari ile ilistahili? Huenda ndiyo, huenda hapana. Hakuna aliyekuwa na namna ya kujua. Meneja wa NMC alipangiwa bei ya kununulia, akapangiwa bei ya kuuzia sembe, na kati ya hizo mbili gharama yake halisi haikuenea. Pengo likazibwa na mikopo ya benki ya biashara ya taifa, NBC, nayo mali ya serikali, hadi deni la NMC likawa moja ya mizigo mizito ya benki ile. Hata meneja mwaminifu kama mtume angeishia na deni hilo hilo. Na pamoja na jitihada zote hizo, mjini watu walipanga foleni ya unga wa njano wa msaada, ule walioubandika jina la unga wa Yanga.

Kuna wazee Rukwa wanaoikumbuka bei ile kwa mapenzi, na siwalaumu hata kidogo. Ilipoondolewa waliumia wao, si mchumi wa Vienna.

Viwanda nitavipitia haraka, kwa sababu habari yake inafahamika. János Kornai, mchumi wa Hungaria aliyeuchambua mfumo akiwa ndani yake, alieleza kwamba shirika linalojua hazina italiokoa halina sababu ya kuogopa hasara. Kufikia miaka ya 1980 tulikuwa na mashirika ya umma zaidi ya 400. Kile kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichokusudiwa kuuza viatu Ulaya, hakikuwahi kutumia zaidi ya sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Mkopo wake, tafadhali kumbuka, ulitoka Benki ya Dunia. Kosa la kuwekeza bila kuona bei halina chama.

Hoja ya Mises ilihusu hesabu. Friedrich Hayek, naye mchumi wa Austria, aliisukuma mbele mwaka 1945 akauliza maarifa yenyewe yanakaa wapi. Jibu lake: yametawanyika, vipande vipande, kwa watu walioko mahali fulani wakati fulani, na mengi hayaandikiki kwenye ripoti ya kupeleka makao makuu. Watu wa uchumi husoma maneno haya wakifikiria masoko ya hisa. Mimi hufikiria Rufiji.

Mto ulifurika mwaka 1968, na mwaka uliofuata serikali ikawahamisha watu waliotawanyika bondeni, ikawaweka kwenye vijiji vya ujamaa vilivyojengwa juu, mbali na maji. Kwa ofisa, mafuriko ni maafa. Kwa Mrufiji ni maafa, na pia ni mbolea. Mpunga hupandwa kabla ya maji kuja. Maji yakishuka huacha tope jeusi, na humo hupandwa mahindi na kunde, kilimo cha mlau, kisichosubiri mvua. Mkulima alijua bwawa lipi hukauka lini, tope lipi lina rutuba, na mwaka wa mafuriko makubwa ahamishie wapi jembe. Msimu wa mazao familia nzima ilihamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, ili kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe na viboko usiku. Mgeni aliyelitazama dungu aliona umaskini na kujitenga. Kumbe lilikuwa chombo cha kazi kama jembe lilivyo. Kumhamishia mtu huyo kijijini, mwendo mrefu kutoka bondeni, ni kumnyang'anya usiku wa ulinzi, na nguruwe hasomi mwongozo wa chama.

Kisha yaliyofanyika Rufiji yakafanyika nchi nzima. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 iwe imekamilika. Mamilioni walisogezwa, wengine kwa malori na nyumba zao zikichomwa moto nyuma yao. Huko Mtwara na Lindi watu walitenganishwa na mikorosho yao. Korosho zilizofika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 zilishuka hadi chini ya tani 20,000 katika baadhi ya misimu ya miaka ya 1980. Bei ndogo ilichangia, ugonjwa wa ubwiriunga ukachangia. Lakini mkorosho usiofyekewa hauokotwi, na huwezi kuufyekea ukiwa umehamishiwa kando ya barabara ili mwalimu na bwana shamba wakufikie kwa urahisi.

Hapa mtetezi wa Mwalimu husema: hiyo ndiyo tofauti ya Ujamaa wa hiari na Ujamaa wa amri. Mwaka 1967 aliandika kwamba watu wasilazimishwe. Kweli aliandika. Kwa hiyo tuhamie kwenye hoja ya tatu, ya kisiasa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote kwa msomaji wa Tanzania.

Hayek aliitoa mwaka 1944: mpango mmoja wa nchi unahitaji makubaliano juu ya mambo elfu ambayo watu hawakubaliani, na makubaliano yasipopatikana, mpango hauachwi, ila hupewa mwenye nguvu autimize. Tusidhani ni hoja ya mabepari tu. Bakunin, mwanamapinduzi wa Kirusi aliyeuchukia ubepari kwa moyo wote, alimwonya Marx miaka ya 1870 kwamba mfanyakazi akishapewa dola si mfanyakazi tena, ni mtawala, na ataitazama dunia ya wafanyakazi kutoka juu.

Ruvuma ndiko hoja hii ilikopata ushahidi wake. Mapema miaka ya 1960, kabla Azimio halijazaliwa, vijana wa TANU, chama tawala, walikwenda Litowa, wakaanzisha kijiji cha kushirikiana kweli kweli. Vijiji vingine vikafuata, vikaunda Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, Ntimbanjayo Millinga akiwa kiongozi wake. Walilima pamoja, wakajadiliana pamoja, wakaanzisha shule iliyofundisha watoto maisha ya kijiji, wakamiliki mashine ya kusaga na kiwanda cha mbao. Mwalimu aliwapenda, na aliyoyaandika kuhusu ujamaa vijijini yalichota kwao. Ungedhani hawa ndio wangekuwa mboni ya jicho la chama. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku jumuiya hiyo na mali zake zikachukuliwa.

Kosa lao? Walikuwa chombo ambacho chama hakikukianzisha wala hakikukiongoza. Wanavijiji waliozoea kuamua wenyewe walikuwa na mazoea mabaya ya kuwahoji wakubwa wa mkoa. Hakukuwa na ukame, hakukuwa na Amin, hakukuwa na mabepari wa nje katika uamuzi ule. Nchi iliyotaka ujamaa iliufunga ujamaa uliokuwa hai, kwa sababu mpango wa taifa haukuwa na nafasi ya mpango mwingine. Ndipo ninapokataa ile kauli ya sera nzuri na utekelezaji mbovu. Hiari ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi, ila haikupimika kwa tarehe za mwisho na idadi ya vijiji, na mkuu wa mkoa hupandishwa cheo kwa idadi. Miaka miwili baadaye, sikukuu ya Krismasi 1971, huko Isimani, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, katika mvutano uliotokana na ardhi na ujamaa. Mwamwindi alinyongwa.

Hoja za kale zina mipaka yake, na wanaozipenda hapa kwetu huisahau. Ujamaa ulijenga shule, zahanati na visima, ukawafundisha watu wazima kusoma, ukachanja watoto. Mises hakuwa na la kutuambia hapo, kwa sababu jambo la aina hiyo lina lengo moja linalojulikana. Chanjo ya surua ni ile ile Kigoma na Tanga. Dola ikiwa na nidhamu inaliweza. Inaposhindwa ni pale ambapo malengo ni elfu na yanabadilika kila asubuhi, kama kwenye shamba la mlau au duka la rejareja. Wala kupanga bei hakukuwa ugonjwa wa wajamaa peke yao. Kenya, iliyokuwa ikitucheka, ilikuwa na bodi yake ya mahindi na bei zake za serikali, na lori la mahindi lilihitaji kibali kuvuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Kama kuna jaribio lililofanyika kwetu likawa safi kama la maabara, ni la miaka miwili, 1983 na 1984. Mwaka 1983 maduka yalikuwa matupu. Sabuni, dawa ya meno, kanga na sukari vilipatikana kwa mgao wa duka la ushirika, kwa mjumbe wa nyumba kumi, au kwa kumjua mtu RTC, kampuni ya biashara ya mkoa. Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaamua kwamba bidhaa zimefichwa. Ikaja sheria maalumu ya wahujumu uchumi, watu wakakamatwa kwa maelfu, wenye mali wakazitupa usiku mitaroni na vichakani. Sokoine alikuwa msafi, na nchi nzima ilijua. Lakini operesheni ilipopita, rafu zilibaki tupu vile vile, kwani bidhaa iliyokamatwa mara moja hailetwi mara ya pili.

Bajeti ya mwaka uliofuata, ya waziri wa fedha Cleopa Msuya, ilifanya jambo la kuchosha kulisimulia: iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Polisi hawakuhitajika. Ndani ya muda mfupi madukani kukawa na vitu, ghali, ndiyo, lakini vipo. Wengi walioleta ni wafanyabiashara wa aina ile ile waliokuwa wakisakwa mwaka mmoja nyuma, kwa fedha zile zile zilizoitwa za magendo. Mwinyi alipoingia 1985 na kuitwa Mzee Ruksa, mlango ulikuwa umeshafunguliwa nusu.

Novemba 2018 serikali ya Rais Magufuli ilikataa bei ya wanunuzi wa korosho, ikatangaza itanunua zao lote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaenda kusini kuzibeba. Nani angempinga rais anayemtetea mkulima? Hakuna aliyeuita mpango ule ujamaa. Lakini ilibidi serikali ijue nani ni mkulima wa kweli na nani ni kangomba, yule anayenunua korosho za wenzake kabla ya msimu, kwa hiyo zikatumwa timu kuhakiki mashamba, na malipo yakangoja uhakiki. Kangomba alikuwa amemkopesha mkulima fedha za ada ya shule miezi ambayo hakuna chama wala benki iliyokuwa tayari kumkopesha, na hilo halikuwamo kwenye fomu ya uhakiki. Maghala yakajaa korosho ambazo serikali ilibidi izitafutie wanunuzi wale wale wa nje. Msimu uliofuata minada ilirudi.